Deni la Elimu na Ujira wa Msomi: Shahada ya Miaka Miwili Katika Vyuo vya Marekani

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapoelekea ukingoni, mamilioni ya vijana na watu wazima wa Marekani huingia katika madarasa ya vyuo vya mijini na mashambani viitwavyo vyuo vya jamii, na wengi miongoni mwao, wakiulizwa wanasoma nini, hujibu kwamba wanasoma sanaa na elimu za jumla, yaani fasihi, historia, falsafa, saikolojia, hesabu kidogo na sayansi kidogo, masomo ambayo hayamfungi mtu katika kazi moja wala hayamwahidi kazi yoyote. Baada ya miaka miwili ya kusoma kwa wakati wote, aliyetimiza krediti zake 60 hutunukiwa shahada iliyo chini ya ile ya kwanza ya miaka minne, ambayo kwa daraja yaweza kuwekwa karibu na stashahada ya kwetu. Shahada za fani hii ni nyingi kuliko za fani nyingine yoyote katika daraja hilo, nazo huzidi thuluthi moja ya zote zitolewazo nchini humo kwa mwaka. Na kwa kuwa wako waliokopa ili kuipata, hapana budi waulizane nyumbani mwao kama ujira utakaoletwa na shahada hii utatosha kulipa deni lililoileta, na kama baada ya kulilipa mwenyewe atabakiwa na kitu cha kuishi.

Swali hili haliwahusu Wamarekani wa kuzaliwa peke yao. Katika Minneapolis na Dallas wako Wakenya waliokwisha kuweka maskani. Katika Lexington na Louisville, jimbo la Kentucky, wako Wakongo waliofika wakiwa wakimbizi, ambao ndani ya nyumba zao Kiswahili ndicho kinachosemwa mezani. Na watoto wa watu hawa husimama leo mbele ya msajili yule yule wa chuo, wakitakiwa kutia sahihi karatasi zile zile za mkopo. Jamaa zao waliobaki Mombasa, Bukavu au Arusha huombwa shauri kwa simu, na aghalabu hulitoa kwa kukisia. Makala haya yamekusudiwa kupunguza kukisia huko, kwa kueleza jinsi gharama, mkopo na ujira vinavyofungamana, na kwa kuonyesha kwamba linaloamua faida au hasara ya shahada hii si ukubwa wa deni kama wengi wadhanivyo. Mambo mawili ndiyo yaliyo mazito zaidi: kwamba mwanafunzi amemaliza alichokianza, na kwamba hakuishia pale.

Asili na muradi wake

Hatuwezi kuihukumu shahada hii kwa haki tusipojua ilianzishwa kwa muradi gani. Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, J. Stanley Brown, aliyekuwa msimamizi wa shule ya sekondari ya mji huo, na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, walianzisha chuo cha umma cha kwanza cha namna hii, kikiwa na wanafunzi sita tu. Nia yao ilikuwa kwamba kijana wa mji ule aweze kusoma miaka miwili ya mwanzo ya elimu ya chuo kikuu pasipo kuhama kwao na pasipo kulipia malazi ya ugenini, kisha ahamie chuo kikuu kukamilisha iliyosalia. Kwa hiyo tangu asili shahada hii ilikuwa daraja la kuvukia mto, na waliolijenga hawakutazamia kwamba siku moja watu wengi wangepiga kambi juu yake wakadhani wamekwisha kufika ng'ambo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilitoa taarifa mwaka 1947 ikihimiza vyuo hivi vienezwe nchini kote, ili elimu ya juu isiwe milki ya matajiri. Na hivi leo idadi yake yakaribia elfu moja. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Elimu ya Juu, iliyoitia serikali kuu katika dhamana ya mikopo ya wanafunzi. Mwaka 1972 Bunge likaongeza ruzuku kwa ajili ya wenye kipato kidogo, ambayo mwaka 1980 ilipewa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island, aliyeipigania. Tangu hapo mwanafunzi amekuwa na milango miwili ya fedha, nayo yafaa aitambue kabla ya kuingia: ruzuku, ambayo hairudishwi maadamu masharti yake yametimizwa, na mkopo, ambao hurudishwa pamoja na riba. Katika barua ya chuo ya kumjulisha mwanafunzi msaada aliopewa, hivi viwili huandikwa katika orodha moja na kujumlishwa pamoja, hata asiyekuwa mwangalifu akafurahia jumla hiyo asijue kwamba sehemu yake ni deni.

Deni latoka wapi

Katika mwaka wa masomo wa 2023 hadi 2024, wastani wa ada ya chuo cha jamii kwa mwanafunzi mkaazi wa eneo lile ulikuwa dola 3,990, na kiwango cha juu cha ruzuku ya Pell mwaka huo kilikuwa dola 7,395. Basi mwanafunzi aliye maskini kabisa, akisoma kwa wakati wote, aliweza kulipiwa ada yote na kubakiwa na akiba ya vitabu na nauli. Tena yako majimbo yaliyokwenda mbali zaidi. Tennessee, wakati wa Gavana Bill Haslam, ilipitisha mwaka 2014 sheria ya kuwaondolea ada ya vyuo vya jamii vijana wanaotoka sekondari. Haishangazi, kwa hiyo, kwamba wengi wa wanafunzi wa vyuo hivi hawachukui mkopo wa serikali hata kidogo.

Wanaokopa hukopa kwa sababu ya maisha yenyewe. Kodi ya nyumba haisubiri mtihani. Chakula hakipungui bei kwa kuwa mlaji ni mwanafunzi. Katika miji mingi ya Marekani mtu asiye na gari hawezi kufika darasani na kazini siku moja. Na wanafunzi wengi wa vyuo vya jamii ni wazazi ambao, kila waingiapo darasani, humlipa mtu wa kuwaangalizia watoto. Wote hawa, wakiwa wamekwisha kulipiwa ada, bado huona pengo, na mkopo ndio ulio karibu.

Mkopo wa serikali kuu una mipaka. Mwanafunzi ambaye kwa hesabu ya sheria bado yu chini ya wazazi wake hawezi kukopa zaidi ya dola 5,500 mwaka wa kwanza na dola 6,500 mwaka wa pili, na sehemu tu ya fedha hizo, dola 3,500 na dola 4,500 kwa mfuatano huo, ndiyo iwezayo kuwa mkopo ambao serikali huubebea riba wakati yeye yuko masomoni. Sehemu iliyosalia hujilimbikizia riba tangu siku itolewapo. Anayejitegemea, mathalani mwenye mtoto au aliyetimiza miaka 24, huruhusiwa kukopa zaidi: dola 9,500 mwaka wa kwanza na 10,500 mwaka wa pili. Miezi sita baada ya kuacha masomo, awe amemaliza au hakumaliza, mkopaji huanza kudaiwa, na mpango wa kawaida ni kulipa kwa miaka kumi.

Tufanye hesabu. Mikopo iliyotolewa mwaka 2023 hadi 2024 kwa wanafunzi wa shahada za chini ilikuwa na riba ya asilimia 5.5. Aliyekopa dola 12,000, kikomo cha miaka miwili kwa kijana aliye chini ya wazazi, akianza kulipa deni ambalo bado halijalimbikiza riba, atatoa takriban dola 130 kila mwezi kwa miaka kumi, na mwisho wake atakuwa ametoa karibu dola 15,630. Zile 3,630 za juu ni bei ya kupewa muda. Kwa mtu mwenye kazi ya kudumu nchini Marekani, dola 130 kwa mwezi si msiba. Kwa mtu aliyefukuzwa kazi, au anayelea watoto kwa ujira wa saa, ni kodi ya siku kadhaa za nyumba yake.

Hesabu hii ni ya chuo cha umma. Viko pia vyuo vya watu binafsi viendeshwavyo kwa faida, ambavyo hutoa shahada za miaka miwili kwa ada inayopita ile ya chuo cha jamii mara kadhaa, na hutumia fedha nyingi katika matangazo kuwavuta hasa watu wasio na mtu wa kuwashauri. Kampuni ya Corinthian Colleges, iliyokuwa na matawi mengi nchini, ilifunga milango ghafla mwezi wa Aprili 2015 baada ya serikali kuiona na hatia ya kuwadanganya wanafunzi juu ya kazi walizozipata wahitimu wake. Na mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilifuta madeni ya watu 560,000 waliosoma humo, jumla yake dola bilioni 5.8. Walioumia waliumia miaka saba kabla ya faraja hiyo kuwafikia.

Ujira, na hadhari ya kuusoma

Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani hutangaza kila mwaka ujira wa katikati, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi hupata zaidi yake na nusu hupata pungufu. Kwa mwaka 2023, mfanyakazi wa kutwa mwenye umri wa miaka 25 au zaidi, aliyeishia sekondari, alipata dola 899 kwa wiki. Aliyeanza chuo akaacha bila shahada, 992. Mwenye shahada ya miaka miwili, 1,058. Na mwenye shahada ya kwanza ya miaka minne, 1,493. Ukosefu wa kazi nao ulipungua kwa kadiri elimu ilivyozidi: asilimia 3.9 kwa walioishia sekondari, asilimia 2.7 kwa wenye shahada ya miaka miwili, na asilimia 2.2 kwa wenye shahada ya kwanza.

Asomaye tarakimu hizi kwa haraka hupata faraja, kwani kati ya sekondari na shahada ya miaka miwili iko tofauti ya dola 159 kwa wiki, ambazo kwa mwaka ni dola 8,268, zaidi ya mara tano ya malipo ya mkopo tuliouhesabu. Lakini ujira huo wa 1,058 hautenganishi fani. Ndani yake wamo wauguzi waliosajiliwa, ambao wengi wao waliingia kazini kwa shahada ya miaka miwili, na ambao mwaka huo ujira wa katikati wa kazi yao ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka. Wamo pia wasafishaji wa meno, ambao kazi yao hudai shahada kama hiyo, na wao walipata dola 87,530. Hawa huuinua ujira wa katikati wa wenzao. Aliyesoma fasihi na historia kwa miaka miwili akaishia hapo hana leseni ya kumtenga na waombaji wengine. Mara nyingi huomba kazi za ofisini, za dukani na za kuhudumia wateja, akishindana na mtu wa sekondari mwenye miaka miwili ya tajiriba aliyoipata wakati yeye alipokuwa darasani.

Kuna na gharama nyingine isiyoandikwa katika karatasi ya mkopo, nayo ni ujira ulioachwa. Tuchukulie kwa mfano kwamba kijana, kwa kuwa yuko chuoni, anafanya kazi nusu kutwa badala ya kutwa, na kwa hiyo anapungukiwa dola 12,000 kwa mwaka. Miaka miwili imekwisha kumgharimu dola 24,000, mara mbili ya mkopo wenyewe. Tukiijumlisha na ile 15,630, elimu yake imemfikia kwa karibu dola 39,630. Ikiwa shahada itamletea nyongeza kamili ya dola 8,268 kwa mwaka, atakuwa ameirudisha kabla ya miaka mitano kwisha. Ikiwa itamletea nusu ya hiyo, jambo ambalo mwenye shahada ya sanaa za jumla aliyeishia hapo hana budi kulitazamia, itamchukua miaka tisa na nusu hivi. Na ikiwa haitamletea nyongeza yoyote, basi miaka kumi atailipia elimu kwa ujira ambao angeupata pasipo elimu hiyo.

Deni dogo lenye uzito mkubwa

Jumla ya mikopo ya elimu ya serikali kuu ya Marekani imefikia takriban dola trilioni 1.6, nayo iko juu ya mabega ya watu zaidi ya milioni 40. Mtu asikiapo hivyo hudhani kwamba wanaotaabika zaidi ni madaktari na wanasheria waliokopa malaki. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 na wanauchumi Adam Looney na Constantine Yannelis ulionyesha kinyume chake: walioshindwa kulipa kwa wingi ni waliosoma katika vyuo vya faida na vyuo vya miaka miwili, wengi wao wakiwa na madeni madogo, na wengi wakiwa hawakumaliza masomo. Daktari anadaiwa kikubwa lakini ana mshahara wa kukilipa. Aliyekopa dola 5,500 akaacha chuo baada ya muhula wa pili kwa sababu mtoto aliugua au gari liliharibika anadaiwa kidogo, ila hana shahada ya kumwongezea hata kidogo hicho.

Na sheria haimtazami kwa huruma. Asiyelipa mkopo wake wa serikali kwa siku 270 huhesabiwa kuwa ameshindwa, na hapo deni lote hudaiwa kwa mara moja. Serikali yaweza kumkata hadi asilimia 15 ya ujira wake uliobaki baada ya makato ya kisheria, pasipo kwenda mahakamani, na kuzuia fedha ambazo angerudishiwa katika kodi ya mapato. Kufilisika, ambako humwondolea mtu madeni mengi ya kibiashara, humwondolea deni la elimu kwa nadra, kwani ni lazima athibitishe mbele ya hakimu kwamba kulilipa kutamtia katika dhiki isiyo ya kawaida. Fauka ya hayo, aliyeshindwa kulipa hapewi ruzuku wala mkopo mpya mpaka arekebishe hali yake. Na hivyo yule ambaye dawa yake ingekuwa kurudi chuoni kumalizia krediti chache zilizobaki, ndiye afungiwaye mlango wa chuo. Zaidi ya miaka mitatu, tangu Machi 2020 wakati wa maradhi ya korona, malipo yalisimamishwa, hata wengi wakatumaini kwamba madeni yangefutwa. Lakini tarehe 30 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliutangua mpango wa Rais Biden wa kusamehe hadi dola 10,000, na 20,000 kwa waliopokea ruzuku ya Pell. Malipo yakarejea Oktoba mwaka huo, na mwezi wa Mei 2025 serikali ikaanza tena kuwadai kwa nguvu walioshindwa. Anayekopa leo akitegemea msamaha wa kesho anajenga juu ya ahadi ambayo hakuna aliyempa.

Kuvuka mpaka ng'ambo

Tukirudi kwa waasisi wa Joliet, tutaona kwamba faida halisi ya shahada hii iko ng'ambo ya pili. Kutoka dola 1,058 za shahada ya miaka miwili hadi 1,493 za shahada ya kwanza ni hatua ya dola 435 kwa wiki, zaidi ya dola 22,000 kwa mwaka. Aliyesoma miaka miwili ya mwanzo katika chuo cha jamii kwa ada ya karibu dola elfu nne kwa mwaka, kisha akamaliza miwili iliyosalia katika chuo kikuu cha umma cha jimbo lake, hupata shahada ile ile aliyoipata mwenzake aliyelipa ada kubwa miaka yote minne, na juu ya karatasi hakuna mahali paandikwapo kwamba alianzia chini.

Wanafunzi wenyewe walijua hilo walipoanza, kwani karibu wanne katika kila watano waingiao vyuo vya jamii husema nia yao ni kufika shahada ya kwanza. La kusikitisha ni kwamba takriban thuluthi moja tu huhamia chuo cha miaka minne, na katika kila watu sita walioanza chuo cha jamii, karibu mmoja tu huwa ameshika shahada hiyo baada ya miaka sita. Wengine hukwama kwa umaskini, wengine kwa watoto, lakini wengi hukwamishwa na jambo lililo katika uwezo wa vyuo kulirekebisha: masomo yao hukataliwa wahamapo. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi wanaohama kutoka chuo kimoja hadi kingine hupoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya krediti walizozifanyia kazi. Mtu alisoma, alifaulu, alilipa au alikopa, kisha huambiwa somo lile halihesabiki hapa, alisome tena na alilipie tena. Hapo ndipo sanaa za jumla hugeuka mtego, kwa kuwa huruhusu mwanafunzi kuokota somo hili na somo lile kwa mapenzi yake, pasipo kujua chuo aendako kitapokea lipi.

Majimbo kadhaa yamelitambua tatizo hili. California, kwa sheria ya mwaka 2010, ilianzisha shahada maalumu ya miaka miwili ya kuhamia, ambayo mwenye nayo huhakikishiwa nafasi katika mtandao wa vyuo vikuu vya California State University na huingia huko akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Florida nayo ina mapatano ya muda mrefu kati ya vyuo vyake vya umma, kwamba miaka miwili ya huku ihesabiwe kuwa miaka miwili ya kule. Mahali penye mapatano kama haya, shahada ya sanaa za jumla ni mali. Mahali pasipokuwa nayo, mwanafunzi ajitafutie mapatano yake kwa maandishi kabla ya kusajili somo la kwanza.

Serikali kuu nayo imeanza kushika mizani. Tangu Septemba 2015 Wizara ya Elimu huchapisha daftari la wazi katika intaneti, liitwalo College Scorecard, ambamo kila mtu aweza kuona, chuo kwa chuo na hatimaye fani kwa fani, wastani wa deni na ujira wa waliosoma humo. Na kwa sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025, kuanzia Julai 2026 fani ambayo wahitimu wake walio kazini hupata, miaka minne baada ya kumaliza, ujira wa katikati ulio chini ya ule wa watu wa sekondari wenye umri wa miaka 25 hadi 34, itapoteza haki ya mikopo ya serikali ikishindwa kipimo hicho miaka miwili katika mitatu. Kipimo hiki kinazihusu shahada za miaka miwili pia, na vyuo vingi vitalazimika kuuliza swali ambalo zamani liliachiwa mwanafunzi peke yake.

Kwa wenzetu walioko huko

Msemaji wa Kiswahili aliye Marekani hana budi kujua kwanza yeye ni nani mbele ya sheria, kwa maana hilo ndilo huamua hesabu yote. Aliyepata ukaazi wa kudumu, akiwemo mkimbizi aliyekwisha kuupata, huweza kujaza fomu ya FAFSA, ambayo ni bure, na kuomba ruzuku ya Pell na mikopo ya serikali kama raia. Aliyekwenda kwa viza ya mwanafunzi hapati ruzuku hiyo wala mkopo huo. Hutozwa ada ya mgeni, ambayo huzidi ya mkaazi mara mbili au zaidi. Na wakati wa muhula haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki, tena ndani ya eneo la chuo. Kwa huyu, kuuza shamba la ukoo nyumbani ili kulipia miaka miwili ya sanaa za jumla pasipo uhakika wa miaka miwili inayofuata ni jambo la kuombewa shauri la watu wengi.

Liko pia jambo la imani. Kwa Waislamu wengi wa pwani mkopo wenye riba ni mzito kuliko tarakimu zake, na wako vijana walioacha kabisa nia ya chuo wakidhani hakuna njia nyingine. Njia ipo: chuo cha jamii, ruzuku ya Pell, misaada ya jimbo, na kusoma somo mojamoja huku mtu akifanya kazi, hata kama safari itachukua miaka minne badala ya miwili. Kijana wa namna hiyo aelezwe kwamba wenzake wengi katika vyuo hivyo, wa dini zote, humaliza pasipo kukopa hata senti.

Elimu isiyohesabiwa kwa dola

Yawezekana msomaji amechukizwa kuona fasihi na falsafa zikipimwa kama gunia la karafuu. Nami naamini kwamba mtu aliyejifunza kusoma kitabu kigumu hadi mwisho, kuandika barua inayoeleweka, kupima hoja ya mwanasiasa na kujua kwamba taifa lake lina historia ndefu kuliko umri wake, amepata kitu ambacho mwajiri hawezi kumpa wala mdai hawezi kumnyang'anya. Wazee wetu walithamini maarifa kabla hayajawa na mshahara. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ni dhuluma kumwuzia maskini maarifa hayo kwa deni litakalomfanya ayachukie. Na anayeipenda kweli elimu hii ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai kwamba ipatikane kwa bei ambayo mtoto wa mfagizi aweza kuilipa.

Basi anayesimama leo mbele ya uamuzi huu afanye hivi. Ajaze FAFSA mapema kabla ya kutia sahihi mkopo wowote, achukue ruzuku yote apewayo na, ikiwa lazima akope, akope kinachoziba pengo tu, na si kikomo alichoruhusiwa. Achague chuo cha umma, akiepuka kile kinachompigia simu mara tatu kwa siku. Aende kwanza katika chuo kikuu anachotaka kuhamia, aulize ni masomo gani yatakayopokelewa, na aombe jibu kwa maandishi. Akiwa hana nia ya kuendelea baada ya miaka miwili, afikiri juu ya uuguzi au ufundi wenye leseni, kisha asome fasihi kwa mapenzi yake maisha yote. Na akishaanza, familia nzima, ya huko na ya huku, ijue kwamba msaada mkubwa iwezao kumpa ni ule utakaomfikisha mwisho: kumwangalizia mtoto wiki ya mtihani, kumtengenezea gari lililokwama, kutomwita arudi kazini kutwa ilhali zimebakia krediti kumi na mbili. Senti za namna hiyo humwokoa na deni zaidi ya msamaha wowote unaotazamiwa kutoka Washington.